Notari kwa Njia ya Video: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua zilizotufikia safari hii, nyingi zikiwa za wasomaji walioko Marekani, zinahusu notari anayethibitisha hati kupitia kamera badala ya kumwona mhusika ana kwa ana. Kabla ya kuzijibu, ni vyema ifahamike kwamba Marekani haina sheria moja ya taifa juu ya jambo hili. Virginia ndilo jimbo lililotangulia, kwa sheria iliyopitishwa 2011 na kuanza kutumika Julai 2012, na majimbo mengine mengi yakafuata, kila moja kwa masharti yake. Muswada wa kuyaoanisha masharti hayo ulipita katika Baraza la Wawakilishi Februari 2023 lakini ukakwama katika Seneti. Kwa hiyo sheria inayotawala tendo la notari ni ya jimbo lililompa kibali, wala si ya jimbo unaloishi wewe unayesaini.

SWALI: *Ndugu Mhariri, salaam. Ninaishi Houston na nina kiwanja Mwanza ambacho nataka kaka yangu akiuze kwa niaba yangu. Nimeona tangazo la notari anayefanya kazi kwa video, na gharama yake ni ndogo kuliko safari. Nikisaini hati ya uwakilishi kwa njia hiyo, itakubaliwa Tanzania? Nisingependa kaka afike kwa Msajili wa Hati halafu arudishwe.*

JIBU: Ndugu msomaji, hapa yamo maswali mawili, na wengi hupata hasara kwa kudhani ni moja. La kwanza ni kama hati hiyo itakuwa halali Texas, na jibu ni ndiyo. Tangu Julai 2018 Texas inaruhusu notari mwenye kibali maalumu cha mtandaoni kuthibitisha sahihi ya mtu aliye mbali, mradi notari mwenyewe awe ndani ya mipaka ya Texas wakati wa tendo hilo, nyote wawili muonane na kusikilizana papo kwa papo, utambulisho wako uhakikiwe kwa njia zilizowekwa, kikao chote kirekodiwe, na cheti chake kiseme wazi kwamba uthibitisho ulifanyika mtandaoni. Kwa kazi hiyo anaruhusiwa kutoza hadi dola 25 juu ya ada ya kawaida.

Swali la pili ni kama ofisi ya ardhi Mwanza itaikubali, na sheria ya Texas haina uwezo wa kulijibu. Tanzania haimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 unaoziwezesha nchi wanachama kupokea hati za kigeni kwa cheti kimoja tu, kile kiitwacho apostili. Hati itokayo Texas kwa hiyo hupanda ngazi: muhuri wa notari unathibitishwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo huko Austin, muhuri wa jimbo unathibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha Ubalozi wa Tanzania mjini Washington unaweka wake. Kila ofisi katika mlolongo huo inathibitisha mhuri na sahihi ya ile iliyotangulia, na mazoea yake ni karatasi.

Hapo ndipo hati ya kielektroniki inapokwama. Ukiifungua faili yenyewe kwenye kompyuta na kubofya juu ya muhuri, litatokea dirisha linaloonyesha jina la notari, mamlaka iliyotoa cheti chake cha kidijitali, saa aliyosaini, na maelezo kwamba hakuna kilichobadilishwa tangu wakati huo. Mtu akigeuza tarakimu moja ya namba ya kiwanja, dirisha hilo litatoa onyo. Ulinzi huo ni imara kuliko wino, lakini umo ndani ya faili; ukiichapisha, kinachobaki kwenye karatasi ni picha ya muhuri, ambayo karani wa masijala hana namna ya kuihakiki. Yapo majimbo yanayomruhusu notari kuambatanisha cheti kinachoeleza kwamba karatasi ni nakala halisi ya faili ya kielektroniki, na New York ni mojawapo, lakini bado karani wa Mwanza ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Ushauri wangu, kwa kuwa mali iko Tanzania na mnunuzi anaweza kutafuta dosari yoyote akighairi, ni kwamba usaini kwa wino mbele ya notari wa kawaida hapo Houston, ubandike picha za pasipoti, yako na ya kaka yako, kisha uipitishe hati katika ngazi zote tatu. Kabla ya hapo mwambie kaka aende ofisi ya Msajili aulize wanataka hati iwe katika muundo gani, na aombe jibu kwa maandishi. Anapaswa pia kujiandaa kulipia ushuru wa stempu wakati wa kuisajili.

SWALI: *Mimi ni mama wa watoto wanne, nimetoka Uvira na nimefika Dallas baada ya miaka mingi ya kambi. Nilijaribu kuthibitisha hati ya shule kwa notari wa mtandaoni. Nikaulizwa kuhusu mitaa na mikopo nisiyoijua, muda ukaisha, mashine ikanikatalia. Je, nimeandikwa kwamba mimi ni mwongo?*

JIBU: Hapana, mama, na usikubali mtu yeyote akufanye ujione hivyo. Ulichokutana nacho ni hatua ya pili kati ya mbili za utambulisho. Katika hatua ya kwanza unapiga picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, na programu inachunguza alama zake za usalama. Katika ile ya pili unaulizwa maswali yaliyotungwa kutokana na kumbukumbu ambazo mashirika ya mikopo na ofisi za umma wanazo juu yako: anwani ulizowahi kukaa, gari ulilosajili, mkopo wa nyumba. Kanuni za Texas zinataka maswali yasipungue matano, kila moja likiwa na majibu yasiyopungua matano ya kuchagua, yajibiwe ndani ya dakika mbili, na asilimia 80 ya majibu yawe sahihi. Ukishindwa unaruhusiwa kurudia mara moja ndani ya saa 24, na angalau asilimia 40 ya maswali ibadilishwe. Ukishindwa tena, notari huyo hawezi kukupa nafasi ya tatu ndani ya saa 24 tangu kushindwa huko kwa pili.

Mpango huu ulibuniwa kwa ajili ya mtu aliyeishi Marekani muda mrefu na kuacha nyayo katika madaftari yake. Aliyefika juzi hana nyayo hizo, au zimechanganywa na za mtu mwingine mwenye jina linalofanana, na kwa maoni yangu ni kasoro kubwa kwamba kigezo cha kuthibitisha kuwa wewe ni wewe kimekuwa historia yako ya kukopa. Matokeo hayo hayaandikwi popote kuwa kosa lako wala hayagusi hadhi yako ya uhamiaji.

Una njia mbili. Ya kwanza, nayo ni rahisi kuliko zote, ni kwenda kwa notari ana kwa ana ukiwa na kitambulisho cha jimbo au pasipoti. Benki nyingi zina notari, na hakuna atakayekuuliza mtaa. Ya pili haifahamiki sana: sheria ya Texas inamruhusu notari wa mtandaoni kuipita hatua ya maswali ikiwa anakufahamu yeye binafsi, yaani amekujua kwa muda na kwa namna isiyoacha shaka. Ikiwa katika kanisa, msikiti au jumuiya yenu yupo notari mwenye kibali hicho, mtafute. Lakini mtu asijibu maswali hayo kwa niaba yako, hata akiwa mwanao anayesoma Kiingereza vizuri, kwa sababu hapo ndipo ambapo kosa la kweli linaweza kutendeka.

SWALI: *Ndugu Mwandishi, tuko Dar es Salaam katika shauri la mirathi ya marehemu baba. Mdogo wetu yuko Columbus, Ohio, na mahakama inahitaji hati yake ya kiapo. Wakili mmoja ametuambia asaini huko, aiskani, aitume kwa barua pepe, naye ataigonga muhuri hapa kana kwamba aliapa mbele yake. Anasema kila mtu anafanya hivyo.*

JIBU: Msikubali. Sheria ya Tanzania ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, katika kifungu cha 8, inamtaka kamishna aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Wakili akiandika kwamba mdogo wenu aliapa mbele yake Dar es Salaam siku ambayo pasipoti yake inaonyesha alikuwa Marekani, sehemu hiyo ya hati imekuwa uongo, na hati ya kiapo yenye kasoro hapo ndiyo ambayo upande wa pili huiomba mahakama iitupe. Ndugu mmoja asiyeridhika na mgawanyo anatosha kuibua jambo hilo, hata baada ya miaka.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua sahihi ya kielektroniki nchini Tanzania, na wapo wanaoitaja kuwa kinga ya utaratibu kama huo. Haiwi kinga. Kutambua sahihi ni jambo moja, na kushuhudia mtu akiapa ni jingine. Aliyepokea kiambatisho cha barua pepe hakushuhudia lolote.

Mdogo wenu aape huko huko Ohio mbele ya notari wa Ohio. Jimbo hilo linaruhusu pia uthibitisho wa mtandaoni tangu Septemba 2019, lakini kwa sababu nilizomweleza msomaji wa Houston, kwa hati inayokwenda mahakamani Tanzania ningechagua karatasi na wino. Na mahali patakapoandikwa pawe Ohio, kwa kuwa hata katika kikao cha video mahali pa tendo ni pale alipo notari.

SWALI: *Mimi ni notari hapa Buffalo, New York, na ninawahudumia sana Waswahili wenzangu. Wateja wananiomba niwathibitishie hati kwa simu ya video ya WhatsApp, wakikumbusha kwamba wakati wa korona iliruhusiwa. Nifanyeje?*

JIBU: Ndugu, wakatae kwa upole lakini wakatae. Ruhusa ya Machi 2020 ilitokana na amri ya dharura ya gavana, nayo ilikwisha. Tangu tarehe 31 Januari 2023 New York ina sheria ya kudumu, na inamtaka notari anayetaka kufanya kazi kwa njia ya kielektroniki ajisajili upya katika Idara ya Jimbo kwa ada ya dola 60, juu ya kibali alicho nacho. Baada ya kusajiliwa lazima awe ndani ya New York wakati wa tendo, atumie mfumo unaohakiki kitambulisho na mtu mwenyewe, aweke sahihi yake ya kielektroniki iliyosajiliwa, na ahifadhi nakala ya video ya kikao kwa miaka kumi. Anaruhusiwa kutoza dola 25 kwa tendo, ilhali tendo la kawaida la ana kwa ana lina ada ya dola 2. WhatsApp haihakiki kitambulisho, haifungi hati isibadilishwe, wala haikuachii rekodi ambayo unaweza kuiwasilisha ukiitwa kutoa ushahidi.

Hata usipojisajili kwa kazi ya kielektroniki, kanuni zilizoanza Januari 2023 zinakutaka uwe na daftari la kumbukumbu la kila tendo na ulihifadhi kwa miaka kumi: tarehe na saa, aina ya tendo, jina na anwani ya mtu, na namna ulivyomtambua. Wapo wanaoliona daftari hilo kuwa mzigo, lakini mimi naliona kuwa ndilo litakalokuokoa siku mteja atakapokana sahihi yake.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu linawagusa wateja wako kuliko WhatsApp. Kwetu Afrika Mashariki notari ni wakili. Kibao cha mlangoni kinataja kazi zote mbili. Mzee aliyetoka Kigoma au Mombasa akiuona muhuri wako ataamini kwamba unaweza kumshauri juu ya maombi ya hifadhi au talaka. Marekani, ukiacha mahali pachache kama Louisiana na Puerto Rico, notari hana elimu wala madaraka hayo, na New York inamkataza notari asiye wakili kutoa ushauri wa kisheria au kuandaa hati za kisheria kwa ajili ya wengine. Mweleze mteja hivyo kabla hajafungua mfuko wake. Familia zetu zimepoteza fedha, na wengine haki ya kubaki nchini, mikononi mwa watu waliojiita notari na kujaza fomu wasizozielewa.

SWALI: *Notari wa hapa Sacramento anasema anaweza kuthibitisha kwa video. Ni kweli?*

JIBU: Ikiwa kibali chake ni cha California, bado. Sheria iliyosainiwa 2023 imefungua mlango, lakini utekelezaji wake unasubiri mfumo wa kompyuta wa ofisi ya Katibu wa Jimbo, na ukomo uliowekwa ni tarehe 1 Januari 2030. Wewe mkazi wa California, hata hivyo, unaweza kutumia notari wa jimbo jingine linaloruhusu.

SWALI: *Shikamoo. Mama yetu ana miaka themanini na kitu, anaishi Tampa na mmoja wa ndugu zetu. Tumesikia kwamba ndugu huyo anataka mama asaini wasia na hati ya uwakilishi kwa video, akiwa naye nyumbani. Tunaogopa. Je, kuna ulinzi wowote?*

JIBU: Marahaba. Hofu yenu ina msingi, kwa sababu kamera inaonyesha uso wa mama tu, na aliyesimama nyuma ya kompyuta haonekani. Watunga sheria wa Florida walilitambua hilo. Sheria yao iliyoanza Januari 2020 ina masharti ya ziada kwa wasia na kwa hati za uwakilishi zenye madaraka makubwa, pale mashahidi wanaposhiriki kwa video. Kwanza mama ataulizwa kama siku hiyo yuko chini ya athari ya dawa au kileo kinachodhoofisha uwezo wake wa kuamua, kama ana ugonjwa au ulemavu wa muda mrefu unaomzuia kufanya shughuli za kila siku, na kama anahitaji msaada wa uangalizi wa kila siku. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mashahidi hawawezi kushuhudia kwa mbali; lazima wawepo naye chumbani.

Akishapita hapo, notari atamuuliza, naye ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, kama ameolewa na mume wake ni nani, ni nani aliyemsaidia kuingia kwenye kikao, ni nani aliyemsaidia kuandaa hati, yuko wapi kwa sasa, na ni nani waliomo chumbani pamoja naye. Majibu yote yanabaki katika rekodi, ambayo Florida inataka ihifadhiwe kwa miaka kumi. Mtu aliyeumizwa na wasia anaweza baadaye kuiomba mahakama iitazame video hiyo: iangalie macho ya mama yalikuwa yakielekea wapi alipokuwa akijibu, na kama sauti nyingine ilimtangulia. Wasia uliosainiwa ofisini kwa wino hauachi ushahidi wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo mimi siungani na wanaodai kwamba video ni hatari kwa wazee kuliko karatasi.

Lakini rekodi inasaidia baada ya madhara kutokea. Kwa sasa zungumzeni na mama mkiwa peke yenu naye, mjue anataka nini. Ikiwa anahitaji msaada wa kuoga, kula au kunywa dawa, mwambieni kwamba ana haki na wajibu wa kulisema hilo atakapoulizwa. Na ikiwa ana wakili wake aliyemwandalia wasia wa awali, wakili huyo ajulishwe mapema.

SWALI: *Naandika kutoka Muscat. Nilifanya kazi Minneapolis zamani na nina fleti huko ambayo sasa naiuza. Wakala anasema nisaini kwa video. Nikiwa Oman inawezekana?*

JIBU: Inawezekana. Minnesota inaruhusu uthibitisho wa mtandaoni tangu Januari 2019, na sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yameifuata inamkubali msainiji aliye nje ya Marekani kwa masharti mawili: hati iwe na uhusiano na Marekani, kwa mfano ihusu mali iliyoko huko au iwasilishwe katika ofisi au mahakama ya huko, na notari asiwe na habari kwamba nchi uliyopo inakataza tendo hilo. Fleti iliyoko Minneapolis inatimiza sharti la kwanza. Kabla ya kupanga siku, hata hivyo, kampuni inayotoa bima ya hatimiliki, yaani kinga dhidi ya dosari za umiliki, ikubali kwa maandishi, kwa kuwa bila yake mauzo hayafungwi. Angalia pia kama bado una namba yako ya hifadhi ya jamii na kumbukumbu za anwani za zamani, kwa sababu maswali ya utambulisho kama yale aliyokutana nayo mama wa Dallas huenda yakakusubiri nawe.

Ikishindikana, ziko njia mbili za karatasi. Ubalozi wa Marekani hapo Muscat hutoa huduma ya notari kwa miadi, na ada ni dola 50 kwa kila muhuri. Ama usaini mbele ya notari wa Oman na kuomba apostili, kwa kuwa Oman imo katika mkataba wa The Hague tangu 2012.

Ukichagua video, zingatia tarehe. Katika majira ya baridi Muscat imetangulia Minneapolis kwa saa kumi, hivyo ukisaini saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwa notari itakuwa saa kumi alasiri ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo atakayoiandika kwenye cheti. Mwombe wakala aandike tarehe hiyo hiyo katika hati nyingine zote za mauzo zitakazosainiwa katika kikao hicho.